Herufi Tatu Zilizoachwa

SURA YA SABA

Siku aliyotangaziwa kufa, Bibi Wilhelmina Fenstermacher aliamka mapema, akavaa gauni lake la kanisani, akawakaangia maaskari soseji na mayai.

"Kama ni leo, ni leo," alimwambia Inspekta Dorcas Hemmings huku akimsogezea sahani. "Sitaki nikutwe na nguo ya kulalia, watu wa mochwari wakapata la kusimulia."

"Leo hufi, Bibi."

"Hata Harlan aliambiwa hivyo hivyo. Tena na ofisi yenu hiyo hiyo."

Hemmings alichukua uma. Alikula soseji.

Harlan Wierman alikuwa mkulima mstaafu aliyekusanya magazeti ya zamani. Tarehe mbili Novemba alipokea kwa posta kipande cha gazeti kisichozidi ukubwa wa kiberiti, chenye mstari mweusi wa msiba pande zote nne, kimepigwa chapa kwa herufi za miaka mia moja na themanini iliyopita. Kilitangaza kwamba yeye, Harlan Wierman, ameanguka kutoka dari la banda lake tarehe tatu na kufariki dunia. Alikipeleka kwa maaskari wa kaunti, wakacheka naye, wakampa kahawa, wakamrudisha nyumbani. Tarehe tatu Novemba mzee alipanda ngazi ya banda, akaanguka, akavunjika shingo. Kipago cha tisa cha ngazi ile kilikuwa kimekatwa kwa msumeno na ufa ukazibwa kwa nta.

Jumatatu wiki hii, kipande cha pili kilikuja kwa Bibi Fenstermacher. Nyumbani kwake, usingizini, tarehe kumi na nne. Leo ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne Januari. Safari hii hakuna aliyecheka.

Walimhamishia chumba cha magazeti saa moja asubuhi. Zamani kilikuwa chumba cha kulia chakula. Sasa kuta tatu zilikuwa na rafu kutoka sakafuni hadi juu, na rafuni yalilala majalada makubwa ya ngozi, kila moja zito kama mtoto wa miaka mitano. Kulikuwa na mlango mmoja, na dirisha moja lililobandikwa nailoni kuzuia baridi. Kwenye kona palikuwa na jiko la chuma la makaa ya mawe, na bomba lake likiingia ukutani.

"Chumba kizuri sana kwa ulinzi," alisema naibu wake, Lamar Zook, akijibwaga kwenye kiti karibu na dirisha. Zook alikuwa amebakiza miezi saba kustaafu, na tumbo lake lilikuwa limeshastaafu zamani. "Mtu akitaka kumfikia Bibi, lazima apite kwangu. Na kupita kwangu, bosi, ni safari ya siku mbili."

"Nani alichagua chumba hiki?"

"Bwana Auchenbach, jirani yake Bibi, alinishauri. Jumanne, nilipomhoji. Nikaona ana akili kuliko sisi."

Hemmings aliliandika hilo. Alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu, hata yasiyo na maana, kwa sababu hakuwa mtu wa kukisia. Alikagua komeo la dirisha na bawaba za mlango. Alipiga ngumi sakafuni kusikiliza kama pana uwazi. Alipanda kiti akaangalia dari: hapakuwa na kitu ila duara moja jeupe lenye matundu mawili ya skrubu, mahali ambapo kitu kiliwahi kuning'inia. Chakula chote kilichokuwa ndani alikitupa, wakabaki na mayai na soseji alizonunua mwenyewe. Dawa za Bibi za shinikizo la damu alizipeleka maabara, akaleta mpya kutoka duka la dawa la mji wa pili.

Zook aliwasha jiko. Makaa ya mawe ya huku hayatoi moshi. Hushika polepole, yakatoa ndimi fupi za buluu, kisha chumba kikajaa joto zito la kupendeza. Nje theluji ilikuwa ikianguka tangu usiku.

"Silitumii jiko hilo," alisema Bibi Fenstermacher, akikunja miguu chini ya blanketi. "Huwa nakaa jikoni. Baridi hii sijaliwasha hata mara moja. Lakini leo ni sikukuu yangu, acha liwake."

*

Kufikia saa nne walikuwa wameshapitia orodha ya maadui mara mbili.

"Turudi kwa Sorrell," alisema Hemmings.

"Mchinjaji yule." Bibi Fenstermacher alitamka neno hilo bila hasira, kama mtu anayetaja kazi ya mwenzake. "Anakwenda minadani, ananunua jalada zima la mwaka, halafu anakaa na wembe na kulikata karatasi moja moja. Ukurasa wa vita anauuza huku, wa mauaji ya rais kule, wa matangazo ya dawa za mba anamuuzia kinyozi aweke kwenye fremu. Jalada lililodumu tangu enzi za babu wa babu yangu, yeye analimaliza kwa mchana mmoja."

"Alimtishia Wierman?"

"Alimwambia, 'Mzee, nitayapata magazeti yako ukiwa hai au ukiwa maiti.' Mbele yangu."

Dwight Sorrell alikuwa hotelini pembezoni mwa barabara kuu, na maaskari wawili walikuwa wakimchunga tangu Jumatatu usiku. Kwenye gari lake walikuta nyembe mia mbili na kasha lililojaa vipande vya magazeti ya zamani. Kila kitu kilimwelekea yeye. Na ndiyo maana Hemmings hakuwa na raha: kipago kilichokatwa kwa msumeno si kazi ya siku ile. Kilikatwa mapema, kikasubiri. Muuaji huyu hahitaji kuwepo.

"Nieleze tena. Muuaji alijuaje kwamba Wierman atapanda darini tarehe tatu hasa?"

"Binti, sisi wote ni hivyo." Bibi alionyesha rafu kwa kidole chake kilichopinda. "Lamplighter lilikuwa gazeti la mji huu, kila wiki, tangu mwaka 1841 hadi 1869. Seti kamili duniani ni moja. Tuligawana watatu: mimi, Harlan na Clement Auchenbach. Na kila mmoja husoma toleo lake katika siku yake. Tarehe tatu Novemba unasoma la tarehe tatu Novemba. Unaishi mara mbili, sasa na zamani. Jalada lenye toleo hilo Harlan aliliweka darini."

"Na mkataba wenu unasema nini?"

"Ulishausoma."

"Nataka nikusikie wewe."

"Hakuna ruhusa kuuza. Anayekufa, majalada yake yanakwenda kwa waliobaki. Anayebaki mwisho anachukua yote." Alitabasamu kidogo. "Kwa hiyo muuaji ni mimi au Clement. Mimi siwezi kupanda ngazi. Na Clement siku ile alikuwa kwenye karamu ya kanisa, akigawa supu ya kuku na mahindi kwa watu themanini. Miaka arobaini amefundisha upigaji chapa katika shule ya ufundi ya hapa. Watoto wangu wamepita mikononi mwake. Aliponifia mume, nani aliniondolea theluji mlangoni?"

Zook, kule dirishani, alipiga miayo mirefu. "Mnaongea sana nyie. Mnanitia usingizi."

Simu ya mezani ililia. Wote watatu waliruka. Hemmings alibonyeza kitufe ili wasikie wote.

"Mina?" Sauti ilikuwa ya mzee, nzito, yenye kutulia. "Ni Clement. Bado uko nasi?"

"Bado nipo, nakula makaa ya kaunti."

"Uko chumba cha magazeti?"

"Nimo humu humu, nimefungwa kama jibini."

"Vizuri. Usitoke. Baridi ya leo ni mbaya. Jipumzishe, lala kidogo kama unaweza. Nitapita jioni."

Akakata. Bibi Fenstermacher alibaki akiitazama simu kwa upendo. "Unaona? Nina miaka sabini na tisa, na bado kuna mtu ananihimiza nilale."

*

Saa tano na nusu kitu kizito kilianguka nje, upande wa kaskazini, kwa kishindo.

Hemmings alichomoa bastola na kutoka mbio kupitia jikoni. Theluji ilikuwa imeporomoka kutoka paani, basi. Hata hivyo aliizunguka nyumba nzima. Hapakuwa na nyayo ila zake. Uwanja ulikuwa mweupe hadi kwenye uzio, na ng'ambo ya shamba, umbali wa nusu maili, nyumba ya Auchenbach ilionekana kama doa.

Alisimama pale kwa dakika kumi hivi, akizungumza na hoteli kwa redio. Sorrell hajatoka. Ameagiza pai, ameangalia televisheni, amelala.

Tangu saa tatu kichwa kilikuwa kikimgonga Hemmings katika paji la uso. Alidhani ni kukesha. Sasa, akiwa kwenye baridi ile ya kukata masikio, aligundua kwamba kimepoa. Alirudi ndani. Robo saa haikupita, kikaanza tena.

"Na mimi pia," alisema Bibi Fenstermacher alipoulizwa. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya msichana aliyetoka kucheza. "Na tumbo linachafuka. Ni woga, binti. Nilikuwa najifanya tu jasiri."

"Lamar, wewe?"

"Mimi nina kichwa cha hangova," alisema Zook bila kufumbua macho, "na jana sikunywa. Ni dhuluma."

Hemmings alikagua tena dawa, maji, mayai. Hapana. Alinusa hewa: ngozi kuukuu, vumbi, wino, hakuna zaidi. Akafikiri juu ya sumu, kisha ya sindano, kisha ya mtu aliyejificha ndani ya ukuta, na alipofika hapo akajiona ameanza kuwaza kama mtoto. Alikaa chini. Hofu ina hila yake: humfanya mtu atazame mlango, na mlango tu.

*

Saa saba alikwenda garini kuchukua bahasha ambayo maabara iliirudisha asubuhi ile. Ndani yake mlikuwa na kile kipande chenyewe, kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amekiacha garini kwa makusudi, kwa huruma. Jumatatu Bibi alipofungua barua aliona mstari mweusi na jina lake, akakiangusha, akapiga simu. Miwani yake ilikuwa jikoni; hakusoma zaidi. Zook ndiye aliyekuja, akamsomea kwa sauti, akaandika ripoti, na tangu hapo wote walikuwa wakiitumia ripoti.

Lakini maabara ilisema jambo la ajabu. Karatasi ni ya zamani kweli, ya matambara ya kitani na pamba, siyo ya miti. Wino ni mpya. Na hapa palihitajika jicho la mtu anayejua.

"Bibi, samahani. Nataka ukiangalie mwenyewe."

Bibi Fenstermacher aliipokea plastiki kwa vidole viwili. Alitafuta miwani kwa muda mrefu usio wa kawaida. Ilikuwa kichwani kwake. Akachukua na kioo cha kukuzia.

"Karatasi nzuri," alisema taratibu, maneno yakimtoka kama mtu aliyelewa. "Tupu ya zamani, pengine ukurasa wa mwisho wa daftari. Herufi zimeng'ata karatasi, unaona? Mashine ya mkono. Huyu si Sorrell. Sorrell anajua kukata tu, hajui kupanga herufi." Akasogeza kioo. "'Amefariki nyumbani kwake, usingizini, tarehe 14 ult., Bibi Wilhelmina, mjane wa...'"

Akarudisha kioo kwenye tarehe.

"Nini?"

"Lamar alinisomea tarehe kumi na nne."

"Ndiyo. Si ndiyo hiyo?"

"Kuna herufi tatu hapa. U, l, t. Na nukta."

"Nilidhani ni jina la mpiga chapa," alisema Zook kutoka kitini, sauti yake ikitoka mbali. "Au Kilatini cha wazee. Nikaacha. Ya Wierman nayo ilikuwa na kidude kama hicho."

"Ya Harlan ilikuwa *inst.*?"

"Kama hivyo."

Mama mzee alikiweka kioo mapajani. "Magazeti ya zamani hayakuandika jina la mwezi, binti. Waliandika *inst.*, maana yake mwezi huu tulio nao. Na *ult.* ni mwezi uliopita. Mtoto wa darasa la kwanza wa magazeti anajua. Harlan alianguka tarehe tatu ya mwezi wenyewe. Lakini mimi..." Alimtazama Hemmings. "Hii si leo. Hii ni tarehe kumi na nne Desemba. Kwa huyu mtu, mimi nimeshakufa mwezi mzima."

Kichwa cha Hemmings kilikuwa kikipiga kama nyundo. Alijilazimisha kufikiri hatua kwa hatua, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kipago kilikatwa mapema. Huyu huandaa, kisha huondoka. Yaani kazi yote ilifanyika siku ile, na tangu siku ile inasubiri.

"Bibi, tarehe kumi na nne Desemba nani alikuja humu ndani?"

"Sikumbuki."

"Jitahidi."

"Clement. Alikuja kuniandalia chumba kwa baridi. Akabandika nailoni dirishani. Akapanda paani kuangalia bomba la moshi, kwa sababu masizi yanaharibu karatasi. Akachukua na kile kidude cha darini kinacholia hewa ikiingia sumu, akasema betri imekufa, ataleta kipya..."

Hemmings aliinua macho. Duara jeupe. Matundu mawili ya skrubu.

Akageuka kulitazama jiko. Ndimi za buluu zilikuwa zikicheza polepole nyuma ya mlango wake wa kioo, bila moshi, bila harufu. Nani alisema chumba cha magazeti? Nani alipiga simu kuuliza kama yumo? Nani alisema usitoke, lala kidogo? Mama huyu alikaa mwezi mzima jikoni kwake salama. Ilihitajika tishio moja tu, na maaskari wenye bidii, wamfungie humu na kuwasha moto.

"Tunatoka," alisema. "Sasa hivi. Lamar, inuka."

Zook hakujibu.

"Lamar."

Kidevu chake kilikuwa kimeangukia kifuani. Midomo ilikuwa myekundu kama tunda la cheri.

Hemmings alitaka kuvunja dirisha kwanza, akainua kiti, na mikono ikakataa. Kiti kilianguka. Akajaribu kuchomoa redio mkandani. Vidole vilikuwa vya mtu mwingine, vikapapasa kifungo mara tatu kabla ya kukibonyeza. Alisema anuani. Hakuwa na uhakika kama aliisema sawasawa. Akamshika Bibi Fenstermacher kwapani.

"Majalada," alisema Bibi.

"Yaache."

"Mwaka arobaini na sita uko rafu ya chini, unaweza..."

"Mina, tembea."

Alimwita kwa jina bila kujua. Walipita mlango, ukumbi, jikoni, na kila hatua magoti ya Hemmings yalikuwa yakimwambia akae kidogo, apumzike, kuna haraka gani. Alifungua mlango wa nyuma kwa bega. Wote wawili walianguka kwenye theluji. Akavuta pumzi mara tano akihesabu, ya sita akaibana kifuani, akarudi ndani.

Zook alikuwa na kilo mia moja na kumi. Hemmings alimkamata kola na kumwangusha kutoka kitini, kisha akamvuta sakafuni kinyumenyume, hatua kwa hatua, kama gunia la viazi. Ukumbini pumzi ilimwishia, akalazimika kuvuta nyingine, na ile hewa tamu yenye joto ikamwingia hadi utosini. Kuta ziliyumba. Kiatu cha Zook kilinasa kwenye kizingiti cha jikoni. Alivuta. Kikanasa tena. Akavuta tena, kiatu kikachomoka, mguu ukaja.

Nje, Bibi Fenstermacher alikuwa amepiga magoti kwenye theluji kwa gauni lake la kanisani, akishikilia mlango usijifunge.

*

Zimamoto walifika baada ya dakika kumi na moja. Mmoja alipanda paani, akaingiza fimbo yenye ndoano ndani ya bomba, akatoa furushi la matambara ya kitani lililofungwa kwa waya na kushindiliwa kwa ustadi. Wengine walichana nailoni na kufungua kila dirisha la nyumba. Zook alikuwa kwenye gari la wagonjwa la kwanza, akitapika na kutukana, jambo ambalo daktari alisema ni dalili njema. Bibi Fenstermacher alikuwa kwenye la pili, amefunikwa blanketi, kifaa cha oksijeni usoni, mlango umesindikwa.

Hemmings alikuwa ameegemea gari lake, naye akivuta oksijeni kwenye chupa ndogo, alipomwona mtu akija kupitia shambani. Alikuja kwa miguu, wima, koti refu jeusi, kofia mkononi. Mtu wa kuja kwenye msiba.

"Inspekta," alisema Clement Auchenbach alipofika. "Nilisikia ving'ora. Nimechelewa?"

Hemmings aliweka chupa chini. Alijua alichokuwa nacho: matambara ambayo yangeweza kuwekwa na yeyote, nailoni ambayo jirani mwema angeweza kuibandika, na maneno ya mama mzee aliyekuwa amelewa hewa ya sumu. Wakili wa kawaida angeyapangusa kama makombo mezani.

"Pole sana, Bwana Auchenbach," alisema.

Mzee aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo kwa muda wa heshima, wala hakuzidisha. Kisha akauliza, "Na magazeti? Hayakuungua?"

"Hayakuungua. Hapakuwa na moto." Hemmings alitoa plastiki mfukoni, akaishika karibu na kifua chake, maandishi yakimtazama yeye peke yake. "Lile tangazo lilisema kweli. Sijui kama Bibi aliwahi kukuonyesha."

"Hapana. Alinisimulia kwa simu. Tarehe kumi na nne, alisema. Maskini Mina hakutaka hata kuliangalia."

"Nalisoma hapa na bado siamini. Mtu kachukua taabu yote hii." Akaanza kusoma kwa sauti ya uchovu, na uchovu haukuwa wa kuigiza. "'Amefariki nyumbani kwake, usingizini, tarehe kumi na nne ya mwezi huu...'"

"Uliopita," alisema Auchenbach.

"Samahani?"

"Ya mwezi uliopita. *Ult.*, Inspekta. Ingekuwa ya mwezi huu ingeandikwa *inst.* Watu hawajifunzi siku hizi, wanasoma wanachotaka." Alisema hivyo kwa subira, kama alivyosema miaka arobaini mbele ya ubao. Aliyafikia maneno ya mwisho, na hapo sauti yake ikapungua, ikawa kama ya mtu anayejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Zimamoto mmoja alipita na fimbo yake. Theluji ilikuwa ikianguka.

"Bwana Auchenbach," alisema Hemmings, "sikukuonyesha karatasi hii. Na ripoti yetu haina herufi hizo. Nani alikuonyesha?"

Macho ya Auchenbach yalikuwa yamehama, yakapita juu ya bega la Hemmings, hadi kwenye dirisha la chumba cha magazeti lililokuwa wazi kabisa. Upepo ulikuwa ukiingiza theluji ndani kwa mafungu, na kutoka pale waliposimama iliweza kuonekana ikitua kwenye migongo ya ngozi ya majalada.

"Waambie wafunge dirisha," alisema. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na hofu katika sauti yake, hofu ya kweli, ambayo hakuwa nayo alipodhani anaulizia maiti. "Tafadhali. Unyevu ule unayaua. Nifungeni pingu, mnipeleke mnakotaka, lakini fungeni lile dirisha."

Mlango wa gari la wagonjwa ulisukumwa kutoka ndani. Bibi Wilhelmina Fenstermacher alikuwa ameketi kitako ukingoni, blanketi mabegani, amekishusha kifaa cha oksijeni hadi kidevuni. Auchenbach alimwona, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

Mama mzee hakumtazama. Alikuwa akilitazama dirisha.

"Liacheni wazi," alisema.